Mama Aliyetufundisha Kungoja

Simu iliingia Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, nikiwa Ikwiriri kwenye kibaraza ninaposhonea nguo. Nilikuwa naunga mkono wa shati la sare ya shule. Jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la Baba Twalibu, na hilo peke yake lilinishtua, kwa sababu Baba Twalibu hapigi simu. Ni mzee wa kwetu Mtawanya ambaye kiharusi kilimfunga ulimi miaka minne iliyopita. Mama yangu alimfanyisha mazoezi mpaka maneno yakarudi, lakini yanarudi moja moja, kama watu wanaovushwa mto kwa mtumbwi wa abiria mmoja.

"Sa... Salama."

"Naam, baba. Shikamoo."

Hakuitikia. Nilimsikia anavuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake, na hazikuwa sauti za mazungumzo. Nilitaka kumwambia ampe simu mtu mwingine, yeyote mwenye ulimi mwepesi, aniambie upesi. Lakini nimelelewa na Kijakazi binti Nasibu, na katika nyumba yake kumkatia mgonjwa neno lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani. Nikafumba macho nikaanza kusoma kimoyomoyo: Subhanallah, Subhanallah, Subhanallah. Nilifika ya kumi na tisa.

"Ma... mama yako," akasema. "Ame... ametangulia."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilisema hivyo, au nadhani nilisema.

Baadaye niliambiwa kwamba watu watatu walijaribu kumpokonya simu, akakataa. Yeye ndiye aliyemkuta, na alitaka habari itoke kinywani mwake. Kila Jumanne alikuwa wa kwanza kufika uani kwetu kwa mazoezi. Siku hiyo alimkuta mama amekaa mkekani, ameegemea ukuta wa jikoni, tasbihi iko mapajani. Presha yake ilikuwa ya siku nyingi, na dawa alikuwa anameza anapokumbuka, yeye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwauliza wenzake kama wamemeza dawa zao.

Nimeombwa na watu wa kwetu niandike alivyoishi. Nitaanza na kosa lake, kwa kuwa mwenyewe alikuwa akianza hapo kila alipoingia nyumba ya mgonjwa mpya.

Baba yangu, Bushiri, alikuwa mkulima wa mpunga bondeni. Msimu mmoja wa kuamia ndege wasile mpunga alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha mlinzi wa shamba kinachosimama kwenye nguzo ndefu. Alipotaka kushuka ngazi, mguu wa kushoto haukumtii. Alianguka. Watu wakasema ameumia kwa kuanguka, kumbe kiharusi ndicho kilichomwangusha. Alirudi nyumbani amebebwa kitandani, upande mmoja umelala.

Mama alimtumikia miaka mitatu. Ninaposema alimtumikia, nataka ieleweke. Alimwogesha, alimvisha, alimlisha tonge kwa tonge, alimgeuza, alimbeba kwenda uani na kurudi. Kikombe hakikufika mkononi mwa baba hata siku moja. Hata nzi akitua kwenye shavu, mama alimfukuza kabla baba hajakunja uso. Mtaani walimsifu. Wanaume waliwaambia wake zao, "Nendeni mkamtazame Kijakazi." Imamu alimtaja msikitini bila kumtaja jina, na kila mtu akajua. Nami nilikuwa sekondari wakati huo, nikajivuna kwamba mama yangu pepo yake iko karibu.

Kisha akaja Abdulrazaq. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mwembamba aliyetumwa kuzungukia vijiji kwa pikipiki kuwatafuta wagonjwa waliofichwa majumbani. Aliushika mkono wa baba akajaribu kuunyoosha kiwiko. Haukunyooka. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja, kucha zimechora nyama.

"Mama," akauliza, "miaka mitatu hii mkono huu umewahi kuachiwa hata kijiko?"

"Nimwachie mume wangu ahangaike, na mimi nipo?"

"Angehangaika, mama, ungefunguka."

Mama hakuelewa kwanza. Alimtazama yule kijana kama mtu aliyetukanwa kwa lugha ngeni. Abdulrazaq akaeleza taratibu: mtu akipooza, mwili unasubiri kuitwa. Asipouita mwenyewe, unadhani hauhitajiki. Kila tonge alilomlisha lilikuwa tonge ambalo mkono wa baba haukujifunza kulitafuta.

"Kwa hiyo ni mimi," mama akasema.

"Mwacheni mke wangu," baba akasema kutoka kitandani. Hayo tu. Mama akainuka akaenda nyuma ya nyumba, nami nikamsikia akilia kilio ambacho sikumsikia akilia tena, hata siku ya msiba wa baba mwenyewe.

Kesho yake mazoezi yakaanza. Jambo lililomshinda mama halikuwa kazi. Lilikuwa kukaa. Baba aliposhika kikombe cha uji kwa mara ya kwanza, kikatetemeka, uji ukamwagikia kanzu, mama akaruka. Abdulrazaq akamwambia akae. Akaruka tena. Akaambiwa akae. Mara ya tatu akaingia ndani, akatoka na tasbihi, akaketi karibu, akaanza kuvuta punje. "Nikishika hii," akasema, "mikono yangu haiwezi kushika kingine." Alivuta Subhanallah thelathini na tatu. Baba alikunywa funda moja katika ya thelathini na moja.

Tangu hapo ikawa kanuni yake, na baadaye kanuni ya nyumba zote alizoingia: kabla hujanyoosha mkono kumsaidia mgonjwa, soma Subhanallah thelathini na tatu. Asipoweza, ndipo msaidie. Baba aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo. Mkono haukunyooka wote, ulikuwa umechelewa. Lakini alikufa akiwa anakunywa uji wake mwenyewe, na mara nyingine akimwagia paka kwa makusudi.

Baada ya eda mama alimfuata Abdulrazaq Kibiti akamwomba amfundishe. Alikuwa na elimu ya darasa la saba na miaka arobaini na tisa. Alihudhuria mafunzo ya wahudumu wa kujitolea, akarudi na daftari lenye michoro ya viungo, na tangu siku hiyo ua wetu haukuwa wetu tena. Alifunga fito mbili ndefu za mkoko sambamba, usawa wa kiuno, ili watu wajifunze kutembea katikati wakizishika. Fito hizo alipewa na ndugu wawili wa Maparoni, baada ya kumfanyisha kaka yao mazoezi hadi akasimama. Kwenda Maparoni ni boti na matope, na mama hakujua kuogelea. Alikuwa akipanda boti huku amefumba macho, anasoma dua, anashuka upande wa pili anagombana na nahodha kwamba amekwenda mbio.

Hakuwa mtu wa maneno laini. Alimwambia mkwezi mmoja, aliyeanguka mnazini akavunjika uti wa mgongo, "Miguu imekwenda, mwanangu, hairudi. Sasa nionyeshe mikono." Watu walisema ana roho ngumu. Leo mkwezi yule ana baiskeli ya magurudumu matatu na anasuka makuti ya kuezekea mengi kuliko wenye miguu. Na nyumbani nako tulilipa sehemu yetu. Nilipojifungua mtoto wa pili, mama alikuwa Maparoni. Alikuja siku ya nne, matope mpaka magotini, akamchukua mtoto akamtazama vidole kimoja kimoja kabla hata ya kunipa pole. Nilinuna wiki nzima. Sasa naona haya.

Kwa kila mgonjwa alikuwa na swali moja la kwanza. Hakuuliza unaumwa wapi. Aliuliza, "Ungependa kufanya nini tena?" Alilisubiri jibu hata kwa siku kadhaa, na mazoezi yote yakaelekea huko. Mmoja alitaka kuchuma korosho zake. Mwingine alitaka kusujudu bila kuanguka. Baba Twalibu alitaka kuita jina la mkewe.

Bi Zuena alikataa kujibu kwa miezi miwili.

Bi Zuena ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake Mtawanya. Kwa zaidi ya miaka ishirini na tano hakuna mama wala binti aliyezikwa pale bila kupita mikononi mwake. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Mkwewe, Tabu, akawa anamwogesha kila asubuhi. Mama alipomuuliza lile swali, alikuwa akigeuza uso ukutani. Siku moja akasema, "Mwosha huoshwa. Hilo nalijua. Lakini sikudhani nitaoshwa ningali hai."

Mama akavuta tasbihi, akangoja.

"Nataka kuosha," Bi Zuena akasema. "Kwa mkono huuhuu. Nikitumia wa kushoto nitakuwa nimemdhulumu maiti."

Wapo waliosema mama ana wazimu kumfundisha mgonjwa kazi ya kifo. Mama hakujali. Alianza na kumpa kata, kile kichoteo cha kifuu chenye mpini mrefu, achote maji na kuyamwaga kwenye miche ya mchicha. Miche mingi ilikufa kwa mafuriko. Mkono ulipoanza kutii, mama akaona lazima kuwe na mwili. Akakata mgomba uliokwisha kuzaa, akaulaza kwenye kitanda cha kamba uani, akaufunika kanga, Bi Zuena akaanza kuuosha, kulia kwanza kisha kushoto, mara tatu.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Kwetu wapo wanaoamini kwamba mchawi akimchukua mtu humficha, na watu wakazika mgomba wakidhani wanamzika mwenzao. Jirani alichungulia juu ya ua akaona wanawake wawili wanaosha mgomba uliofunikwa kanga. Haikupita nusu saa, Mwinyimvua, mwenyekiti wa kitongoji, akawa mlangoni na watu kama ishirini nyuma yake.

"Kijakazi, hicho ni nini?"

"Mgomba, mwenyekiti. Hujapata kuuona?"

"Nauona. Nauona unaoshwa! Nauliza, mnamwosha nani?"

"Kesho tutamzika mtu," sauti ikapaza kutoka nyuma, "kumbe mwenyewe yuko kwao Umatumbini analimishwa mihogo!"

Mama ni Mmatumbi, wazazi wake waliteremka kutoka milima ya kusini, na kwa utani huo hata waliokuja na hasira walicheka kidogo. Mama akaona mwanya.

"Mwenyekiti, una haki. Mgomba si kitu cha kujifunzia, hauna mabega. Basi lala wewe."

"Nilale mimi?"

"Kitanda hicho hapo. Bi Zuena anataka mabega."

"Astaghfirullah! Mimi mwanamume, naoshwa na Bi Zuena?"

"Basi waondoe wanaume wako, uniachie wanawake."

Mwinyimvua akawafukuza wanaume, naye mwenyewe akawa wa mwisho kutoka, shingo imegeuka nyuma. Mama akauteremsha mgomba, akapanda kitandani na gauni lake na ushungi wake, akalala chali. "Bi Zuena, nioshe mimi. Anza kulia."

Nilikuwepo siku hiyo. Bi Zuena alichota maji, kata ikapanda ikitetemeka, ikapita bega, maji yakammwagikia puani. Mama akaketi ghafla akikohoa.

"Wallahi, siku yangu ukiniosha hivi, nitaamka nikufukuze mpaka Kibiti!"

Na Bi Zuena, ambaye hakuna aliyemsikia akicheka tangu augue, akacheka. "Utaamka uende wapi, Mmatumbi? Sanda haina mfuko wa nauli."

Uchawi ukaishia hapo. Lakini mkono haukumalizika kupona kwa kicheko. Mwaka uliofuata alifariki bibi mmoja wa jirani, Bi Zuena akaitwa kujaribu. Kata ilipopanda na kusita njiani, mabinti wa marehemu wakaingiwa na hofu, mmoja akainyakua. Walifanya kwa wema. Bi Zuena akatoka, akakaa nje juu ya kinu, na kwa mwezi mzima hakuja mazoezini. Tangu hapo wanawake wa kwetu walioshwa na mtu wa kuletwa kutoka Kibiti.

Mama alikwenda kukaa mlangoni kwake kila siku baada ya alasiri. Hakubembeleza. Alimwambia jambo moja tu, Tabu alilisikia: "Mkono wako haukushindwa. Walioshindwa ni waliosimama pembeni." Mwisho Bi Zuena akarudi. Jumatatu, siku moja kabla ya ile simu, alikuwa uani kwetu akichota maji.

Nilifika Mtawanya saa tano na nusu, nyuma ya bodaboda, na ushungi wangu umejaa vumbi. Wanaume walikuwa wamekwenda kuchimba kaburi. Ndani wanawake walikuwa wanaulizana kama yule wa Kibiti ameshapigiwa simu. Bi Zuena alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba alicholazwa mama, ameegemea fimbo yake.

"Asipigiwe mtu," akasema. "Kijakazi anaoshwa na mimi."

"Mama," Tabu akamwambia kwa upole, "mkono utakuangusha mbele za watu."

"Na uniangushe."

Wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye binti na neno lilikuwa langu. Nakiri niliogopa. Si jambo la mchezo, mzazi huoshwa mara moja tu, na nilimkumbuka bibi yule wa jirani na kata ilivyonyakuliwa. Nilitaka mama yangu apate mkono mwepesi, usiotetemeka, amalizwe vizuri. Kisha nikamwona Baba Twalibu nje, kupitia dirishani, amekaa na simu bado iko mkononi, yeye niliyemngoja asubuhi mpaka neno likatoka.

"Bi Zuena ataosha," nikasema.

Tuliingia wanne, Bi Zuena, Tabu, mimi na mama mmoja wa jirani. Mama alikuwa amefunikwa kanga, maji yenye majani ya mkunazi yako kwenye ndoo mbili. Bi Zuena akaweka fimbo chini, akaegemea ukingo wa kitanda kwa nyonga, kama alivyofundishwa, akatia nia. Akachota. Kata ikapanda kwa taabu mpaka usawa wa kifua, ikasimama hapo. Mkono ulikuwa unatetemeka mpaka maji yakaanza kudondoka sakafuni.

Tabu akanyoosha mkono. Nilimshika kiganja. Hakuuliza, alielewa, nikaona midomo yake inaanza kutembea pamoja na yangu. Subhanallah. Subhanallah. Maji yaliendelea kudondoka. Nilifika ishirini, kata haijasogea. Nilifika ishirini na sita. Bi Zuena akainama kidogo kumwelekea mama, akasema kwa sauti ya chini, "Mmatumbi, si ulisema utaamka?" Katika ya ishirini na tisa kata ikapanda, ikageuka, na maji yakateremka juu ya bega la kulia la mama, yakaenea sawasawa hadi kwenye vidole.

Alimwosha mara tatu, kulia kisha kushoto, na kila mara ilichukua muda ule ule. Wanaume walituma mtu kuuliza kulikoni mara mbili. Mara ya pili sheikh mwenyewe akawajibu kwamba jua bado liko juu na wakae. Mara ya mwisho yalikuwa maji ya kafuri. Tukamkausha, Bi Zuena akapanga sanda vipande vitano, mimi na Tabu tukafunga.

Waliokuwa mazoezini kwake waliomba kumswalia karibu na fito za mkoko, sheikh akakubali. Swala iliswaliwa uani baada ya alasiri. Baba Twalibu alisimama safu ya kwanza na fimbo yake, na mkwezi alikuwa pembeni ya safu kwenye baiskeli yake. Kisha wanaume wakabeba jeneza, wakapokezana mpaka makaburini nyuma ya mikorosho, wakamzika karibu na baba. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Bi Zuena alimwaga maji yaliyobaki, akasuuza kata, akaitundika ukutani jikoni, na akaketi kwenye mkeka kungoja wanaume warudi.